Leso za Maka na Spiriti

Mwalimu wetu wa Kemia ameniomba niwaeleze wasomaji wa gazeti hili jinsi tulivyozitengeneza zile leso za rangi zilizoonekana siku ya mahafali ya Kidato cha Nne. Tangu siku ile wazazi kadha wameuliza habari zake, na wadogo zetu wa Kidato cha Pili wamekwisha kuanza kujaribu peke yao nyuma ya bweni, jambo ambalo lina hatari zake kama nitakavyoonyesha. Nimekubali kwa furaha. Lakini msomaji asitazamie kuambiwa tu, "Twaa hiki, tia na kile." Mtu akiifanya kazi hii bila kuijua sababu yake, atapata leso moja nzuri kwa bahati na tano za kusugulia sakafu, na bafta haitolewi bure dukani.

Kwanza, kwa nini leso? Desturi ya mahafali twaijua sote. Wazazi na ndugu huja na mashada, wakamvisha mtoto wao shingoni, wakapiga vigelegele na picha. Ni desturi nzuri, nami siitukani. Hata hivyo, mhitimu mwenye mashada sita husimama bega kwa bega na mwenziwe asiye na hata moja, kwa kuwa kwao ni mbali na nauli ni nzito, au kwa kuwa hana mtu wa kuja. Mwaka jana tuliwaona watatu waliokaa bwenini mpaka wapiga picha wakaondoka. Chama chetu cha Sayansi kililijadili jambo hili mwezi wa Julai. Wengine walitaka mashada yapigwe marufuku. Mimi sikuona haki ya kumnyima mama furaha aliyoisafiria siku nzima, nikasema hivyo. Mwishowe tukaafikiana ya kuwa kila mhitimu awe na kitu chake cha kutoa, kilichotengenezwa kwa mikono yake, ampe amtakaye: mzazi, mwalimu, au mtu mwingine yeyote. Mwenye kitu cha kutoa ana sababu ya kutoka bwenini.

Nimesema leso kwa maana ya kitambaa cha mkononi. Wenzetu wa Mombasa wakisikia leso hufikiri kanga nzima, kwa hiyo wasije wakadhani tulikuwa matajiri. Neno lenyewe lilitoka kwa Wareno, na kwao pia ni kitambaa kidogo.

Tulikuwa wahitimu 71. Bafta tuliyopata ilikuwa na upana wa sentimita 90. Ukikata mita moja ya bafta hiyo wapata leso tisa zenye sentimita 30 kila upande, na hubaki ukanda wa sentimita 10 ambao haufai leso. Mita nane zilitupa leso 72, yaani moja zaidi ya idadi yetu, na kanda nane za majaribio. Usizitupe kanda hizo. Ndizo zilizotufundisha karibu kila jambo ninaloandika hapa.

Kitambaa sharti kiwe pamba. Wauzaji wengine husema "pamba" kwa kila kitu cheupe, basi vuta uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, bali wa polista huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu nyeusi. Jaribio hili lifanywe siku nyingine, kabla spiriti haijafika mahali pale. Kisha bafta mpya ifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa sana, kwa maana hutoka kiwandani na dondo, ule wanga unaoifanya iwe ngumu na kung'aa. Dondo huziba nafasi kati ya nyuzi, na rangi ikakaa juu juu. Tulilinganisha ukanda uliofuliwa na usiofuliwa: katika ule usiofuliwa maua yalitoka madogo, yenye kingo za kukatikakatika.

Maka nazo si zote sawa. Tunazozitaka ni zile za wino usiofutika, ambazo hutumiwa kuandika juu ya ndoo, masanduku na, kwa masikitiko ya Mwalimu wa Nidhamu, juu ya milango ya vyoo. (Ilitubidi tumwandikie barua ya maombi kabla hajaturuhusu kuwa na maka 12 bwenini, naye alizihesabu kila jioni.) Maka za ubao mweupe hazifai, kwani zimetengenezwa makusudi ili zifutike. Kalamu za rangi za watoto hazifai pia, maana wino wake huyeyuka katika maji, na leso itakuwa nyeupe tena siku ya kwanza ya kufuliwa.

Sasa spiriti. Tulitumia spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, ya asilimia 70. Kitakasa mikono cha maji maji chaweza kufanya kazi, lakini kile chenye ute mzito hukaa mahali pamoja na ua halikui. Hapa naomba kila msomaji, hasa yule wa Kidato cha Pili, apunguze mwendo wa kusoma. Spiriti hushika moto upesi mno, na mvuke wake hushika moto hata katika joto la kawaida la chumba. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini ukatoweka, bali hushuka na kutambaa sakafuni, ukaweza kuufikia mshumaa au jiko lililo mbali na chupa. Mtu anayefanya kazi hii bwenini usiku kwa mwanga wa koroboi anachezea mauti, yake na ya wenziwe waliolala. Sisi tuliifanya mchana, nje, chini ya mwembe, mbali na jiko la shule, na chupa kubwa alikaa nayo Mwalimu. Kila kikundi kilipewa kiasi kidogo katika kifuniko. Wala mtu asidhani spiriti hii ni pombe. Nyingine huchanganywa na methanoli, nyingine ni isopropanoli tupu, na zote ni sumu. Methanoli hupofusha macho kabla haijaua.

Basi, kazi yenyewe. Twaa kikombe au kopo tupu la maziwa. Wamba kitambaa juu ya mdomo wake kama fundi awambavyo ngozi ya ngoma, ukifunge kwa mpira wa kufungia noti. Kikilegea, spiriti itakusanyika katikati kama maji katika jani la mgomba. Chora kwa maka duara la vituo vituo, lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, katikati ya ule uwambo. Waweza kuzungusha duara la pili la rangi nyingine nje ya lile la kwanza. Usijaze rangi yote: nafasi nyeupe baina ya vituo ndiyo njia ya rangi kupita. Wapenzi wa rangi nyingi hawaamini jambo hili mpaka waone matope yao wenyewe.

Vuta spiriti kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa mrija wa soda ulioziba juu kwa kidole. Dondosha tone moja katikati ya duara. Ngoja. Tone litaenea, litavigusa vituo, na rangi itaanza kutembea kwenda nje. Likisimama, dondosha la pili mahali pale pale. Ngoja tena. Matone 10 hadi 20 yatosha ua moja. Kungoja ndiko kugumu kuliko yote. Katika kikundi chetu alikuwapo mwenzetu mmoja, hodari sana wa mpira, ambaye alimimina bomba zima kwa mara moja, na rangi zake zote zikakimbilia ukingoni zikawa utando mmoja wa kijivu. Alipofundishwa kuhesabu hadi 15 baina ya tone na tone, maua yake yakawa mazuri kuliko ya mtu mwingine yeyote, naye akayahesabia kwa sauti kama mwamuzi wa ndondi.

Ua likikamilika, liache lipungue unyevu kidogo, fungua, sogeza kitambaa, uwambe mahali pengine. Maua matano kwa leso yalitosha: manne pembeni na moja katikati. Tulitumia kiasi cha mililita moja kwa ua, kwa hiyo chupa ya mililita 500 ilitosha leso zote na kubaki.

Kwa nini rangi hutembea? Wino wa maka una mambo matatu: rangi, utomvu unaoishikiza rangi mahali pake, na kiowevu cha jamii ya spiriti kinachoviyeyusha vyote viwili. Ukiandika, kiowevu huruka hewani, na rangi hubaki imeshikwa na utomvu. Maji hayawezi kuuyeyusha, na ndiyo maana twasema haufutiki. Spiriti yaweza. Ukidondosha spiriti unaurudishia wino kile ulichopoteza, nao unakuwa hai tena. Halafu nyuzi za pamba zina nafasi nyembamba sana kati yake, na spiriti huvutwa katika nafasi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa koroboi, ikaibeba rangi pamoja nayo. Kwa kuwa nyuzi zinakwenda pande zote, rangi nayo huenea pande zote, na umbo linalotoka huwa duara.

Bado kuna ajabu moja, nayo ndiyo iliyonifanya niipende Kemia zaidi kuliko nilivyokuwa nikiipenda mwaka jana. Tulipoweka kituo cha wino mweusi peke yake, ua halikuwa jeusi. Katikati palikuwa na zambarau, kisha nyekundu hafifu, na ukingoni buluu. Maka ile nyeusi ilikuwa mchanganyiko wa rangi kadha. Kila rangi huvutwa na mambo mawili: spiriti inayotaka kuibeba na pamba inayotaka kuishika. Ni kama watu watokao mnadani jioni. Wote wamo katika msafara mmoja, lakini kuna anayesimama katika kila kibanda kusalimia, na kuna ashikaye njia moja kwa moja mpaka nyumbani. Baada ya nusu saa msafara umejigawa wenyewe. Rangi ipendayo pamba hubaki nyuma, na ipendayo spiriti hufika mbali.

Njia hii ya kuzitenganisha rangi ina jina, kromatografia, na aliyeipa jina hilo mwaka 1906 ni mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, aliyekuwa akifanya kazi Warsaw. Yeye alijaza chaki ya unga katika bomba la glasi, akamimina juu yake maji ya majani yaliyoyeyushwa, akaona kijani na manjano zikijipanga katika mikanda mbalimbali. Jina lake la ukoo katika Kirusi maana yake ni rangi, na ningalisoma hivyo katika hadithi ningalisema mtunzi amezidisha. Katika maisha yake wengi hawakuijali kazi yake, naye alikufa mwaka 1919. Mwaka 1952 Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge, walipata Tuzo ya Nobel kwa kuiendeleza njia hiyo. Leo njia za jamii hiyo hutumika maabara kupima dawa, vyakula na hata damu.

Kabla ya Tswett alikuwapo Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge. Huyu alikuwa akidondosha kemikali moja baada ya nyingine juu ya karatasi ya kunyonya wino, zikaenea na kukutana, zikatoa duara zenye kingo za rangi. Aliziona nzuri mno hata akatoa kitabu cha picha hizo mwaka 1855, huku karatasi zenyewe zikiwa zimebandikwa ndani. Mtu akizitazama picha hizo na leso zetu ataona ni ndugu, ingawa zake zilitokana na kemikali kuungana kwenye karatasi na zetu ni rangi kutembea tu.

Runge huyo huyo, mwaka 1834, alikuwa ametoa katika lami ya makaa ya mawe kitu ambacho baadaye kiliitwa anilini. Miaka 22 ilipopita, anilini ikaingia mikononi mwa kijana wa London, William Henry Perkin, aliyekuwa na umri wa miaka 18, yaani amenizidi mwaka mmoja. Mwalimu wake, Hofmann, alikuwa ametamani kwinini itengenezwe kwa Kemia badala ya kungoja magamba ya mti wa sinkona. Sisi twaijua kwinini kwa dawa ya malaria, na mti wenyewe ulipata kupandwa hata kwetu Amani, katika milima ya Usambara. Perkin alijaribu nyumbani wakati wa likizo ya Pasaka, mwaka 1856. Hakupata kwinini. Alipata uchafu mweusi chini ya chombo, ambao mtu mwingine angaliumwaga. Alipoutia spiriti, ukayeyuka na kuwa zambarau ya kupendeza. Akatia hariri humo, ikashika rangi na haikutoka kwa kufuliwa. Mwaka ule ule akapata hati ya kuilinda kazi yake, na mwaka uliofuata jamaa yake wakamjengea kiwanda. Kabla ya hapo rangi za nguo zilitoka zaidi katika mimea, wadudu na konokono wa baharini. Baada ya hapo viwanda vikaanza kuzitengeneza kwa lami ya makaa. Mimi husimama hasa mahali pale penye spiriti: maji yasingalimwonyesha chochote.

Nirudi kwenye leso, kwa maana bado haijawa zawadi. Iache ikauke kivulini mpaka kesho yake, hata ukiinusa usisikie spiriti kabisa. Ndipo ipigwe pasi upande wa nyuma, juu yake pakiwa na kitambaa kingine, pasi ikiwa ya moto na bila maji. Wengi wetu twatumia pasi ya mkaa, na pasi ya mkaa ni moto uliofunikwa. Leso yenye unyevu wa spiriti chini ya pasi ya mkaa ni jambo ambalo sitaki kulieleza zaidi. Tulilinganisha ukanda uliopigwa pasi na usiopigwa. Tofauti ilikuwapo, lakini ndogo kuliko tulivyotazamia. Kukauka sawasawa kulisaidia zaidi. Ukanda mmoja tuliufua mara kumi kwa maji baridi na sabuni kidogo, na mwingine mara kumi kwa maji ya moto na kusugua. Wa kwanza ulipauka kidogo. Wa pili ulibaki kama kivuli cha maua.

Jambo hili lilizusha ugomvi mkubwa kuliko wote katika Chama chetu. Mwenzetu mmoja, ambaye shangazi yake hutengeneza batiki za kuuza, alisema hatuna ruhusa ya kuziita leso hizi batiki, wala vitambaa vya kufunga na kutia rangi. Alieleza jinsi shangazi yake anavyokunja kitambaa na kukifunga kwa kamba, au kukichora kwa nta, kisha akakitumbukiza katika rangi iliyochemshwa pamoja na kostiki soda na haidrosalfaiti, akiwa amevaa glavu na buti, kwa kuwa kostiki hula ngozi ya mtu. Rangi ile huingia ndani ya uzi na kukaa humo. Yetu imebandikwa tu na utomvu. Wengine walisema anatuonea wivu. Mimi naona alisema kweli, na historia inamuunga mkono: Wayoruba wa Abeokuta wana kitambaa chao, adire, ambacho jina lake ni kufunga na kutia rangi, na Wahindi wa Kutch na Gujarat wana bandhani, nayo imetokana na neno la kufunga. Hao wote hufunga ili rangi isifike mahali fulani. Sisi hatufungi chochote ila kikombe, na rangi yetu tunaipeleka, hatuizuii. Kazi mbili hizo zafanana kwa sura tu. Hata rangi inayoshikamana na pamba kabisa, kwa kuungana na selulosi ya uzi wenyewe, haikuwapo madukani mpaka mwaka 1956, kampuni ya ICI ya Uingereza ilipoanza kuuza rangi za Procion, miaka 100 kamili baada ya Perkin.

Mwanachama mmoja akauliza: kama rangi itapauka, si afadhali tunyamaze? Mzazi atajua baada ya mwaka, na sisi tutakuwa tumekwisha kwenda zetu. Tulipiga kura, nayo ikaamua kila leso iwe na kikaratasi, na maneno yake niliyaandika mimi: "Rangi ya leso hii si ya milele. Ifue peke yake, kwa maji baridi, uianike kivulini." Walikuwapo waliodhani kikaratasi hicho kitaitia zawadi aibu. Kura zilikuwa 19 kwa 14.

Pindo tulizikunja kwa mkono, nusu sentimita na nusu sentimita tena, hivyo leso ikabaki na sentimita 28. Walikuwapo wavulana waliosema kushona si kazi ya mwanamume. Tukawauliza ni nani aliyewashonea suruali walizovaa. Mafundi cherehani wa mjini kwetu karibu wote ni wanaume, tena wenye ndevu. Wakanyamaza wakaomba sindano.

Siku ya mahafali wahitimu wote 71 walikuwa uwanjani. Sitasema kila kitu kilikwenda vema: mvua ilinyesha, na leso tatu zilizokuwa zimekauka nusu zilitia madoa mifuko ya mashati meupe. Lakini mzee mmoja aliyetoka mbali alikisoma kikaratasi mara mbili, akamwambia mwanawe, "Haya mwanangu, basi sitaifua," akaikunja na kuitia katika mfuko wa ndani wa koti. Mama mmoja alifunga nauli yake ya kurudia katika pembe ya leso palepale, juu ya ua la zambarau, akapiga fundo. Na mwenzetu mmoja ambaye hakujiwa na mtu alikwenda jikoni, akasema, "Shikamoo Mama," akampa yake Mama mpishi aliyemlisha miaka minne. Mama alifuta mikono kwanza ndipo akaipokea. Ile leso ya 72 iko ofisini kwa Mwalimu wa Nidhamu, ambaye hajasema kama ameipenda, lakini tumeona anafutia miwani.

Kwa wadogo zetu wa Kidato cha Tatu watakaoendelea mwakani: maka 12 zimo katika kopo la biskuti, kabati la pili la maabara. Ya manjano na moja ya kijani zimekauka. Zilaze, msizisimamishe, ili wino usikimbilie upande mmoja. Spiriti iliyobaki, kama mililita 100, iko kwa Mwalimu wa Kemia, muiombe kwake. Kanda za majaribio nimezibandika katika daftari la Chama, kila moja na maelezo yake, ila ule wa maji ya moto ambao panya wameula.